Usiku wa nondo kisiwani Mfangano: tangazo limetia chumvi, mwongozaji amesema kweli

Tangazo lililobandikwa karibu na gati la Mbita, ambalo pia husambazwa kwa WhatsApp miongoni mwa watu wa Kisumu wanaopenda matembezi ya mwisho wa juma, linaahidi kumwonyesha mgeni nondo wadogo wa kisiwa wasiopatikana popote pengine duniani. Huduma hiyo hutolewa na nyumba moja ndogo ya wageni kisiwani Mfangano, katika Ziwa Viktoria. Bei yake ni Sh3,500 kwa mtu mzima, na ndani yake mna chakula cha jioni, kikao cha usiku mbele ya shuka lililomulikwa taa, na matembezi ya asubuhi. Nauli ya boti na malazi hulipwa kando. Sitaitaja nyumba hiyo kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema hayataipendeza na wenyewe wamesema watayarekebisha, lakini anayefika Mbita na kuuliza habari za nondo hatakosa wa kumwelekeza.

Huduma ni nzuri na nitaisifu hapa chini kwa sababu zake. Ahadi ya tangazo, hata hivyo, haina ukweli, na wa kwanza kutuambia hivyo alikuwa mwongozaji mwenyewe, kijana wa kisiwani aliyesomea ualimu wa sayansi na ambaye wageni wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita mwalimu. Kabla hata ya kuwasha taa alituketisha akatueleza ni kwa nini tusitarajie kiumbe cha ajabu kilichozaliwa Mfangano na kubaki Mfangano. Maelezo hayo yalichukua muda mrefu, na mgeni mmoja alianza kusinzia, lakini kwangu mimi ndiyo yaliyostahili fedha niliyotoa kuliko sehemu nyingine yoyote ya usiku ule.

Alianza na mfano wa Hawaii. Visiwa vile viko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara lililo karibu, kwa hiyo mdudu aliyefika huko kwa bahati ya upepo hakuwa na njia ya kurudi wala jamaa wa kumfuata. Humo ndimo ilimozaliwa jenasi ya nondo wadogo iitwayo Hyposmocoma, ambayo kiasili haipatikani mahali pengine popote, na ambayo spishi zake zilizokwisha kupewa majina zinazidi 350. Viwavi wake hujifumia vikasha vya hariri na kuvibeba popote waendapo. Vingine vina umbo la sigara, vingine la koni, na baadhi ya viwavi hao huweza kuishi chini ya maji na nchi kavu vilevile. Mwaka 2005 watafiti Daniel Rubinoff na William Haines walieleza habari za mmoja wao, Hyposmocoma molluscivora, ambaye humfunga konokono kwa nyuzi za hariri hadi asiweze kubanduka kwenye jani, kisha humwingilia ndani ya kombe lake na kumla. Mwaka 2025 ikatangazwa habari ya mwingine wa kisiwa cha Oahu, kiwavi anayeishi ndani ya utando wa buibui, akila wadudu walionaswa humo na kujivika mabaki yao, vichwa, miguu na mabawa, juu ya kikasha chake. Huyo hupatikana katika safu moja tu ya milima, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 15, na kwa zaidi ya miaka 20 ya kumtafuta wameonekana 62 peke yao.

Mwongozaji mwingine angeishia hapo, wageni wakiwa wameachama, kisha akawasha taa na kumwacha kila mtu aamini kwamba yatakayotua shukani ni ya namna hiyo. Huyu alitumia mfano ule kutuonya. Mfangano, alisema, ina mawe ya kale sana, na mabaki ya viumbe wa miaka milioni 18 hivi iliyopita yamechimbwa humo kama yalivyochimbwa kisiwa jirani cha Rusinga, lakini kuwa kisiwa ni jambo la juzi. Ziwa Viktoria halina kina kikubwa. Penye kina zaidi ni mita 80 hivi, na tope lililochimbwa kutoka sakafuni mwake linaonyesha kwamba lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kabla ya maji kurudi, Mfangano ilikuwa mlima uliosimama katika nchi kavu, na nondo wake walikuwa nondo wa nchi nzima. Hata leo bara liko kilomita chache tu ng'ambo ya mlango wa maji, na usiku mmoja wa upepo wa kutoka Gembe, upande wa bara, unatosha kuleta kizazi kipya.

Swali ambalo ningemuuliza alilijibu kabla sijalitamka. Mbona basi samaki wa ziwa hilohilo, wale wadogo tunaowaita fulu, wamegawanyika kuwa mamia ya spishi ndani ya muda mfupi kiasi hicho? Jibu lake lilikuwa kwamba fulu wa mwamba mmoja hatoki kirahisi kwenda mwamba wa pili, naye huchagua mwenzi kwa rangi yake, ilhali nondo huruka na kuchukuliwa na upepo, na damu zao huchanganyika kila msimu. Inawezekana kabisa, aliongeza, kwamba kuna nondo mdogo Mfangano ambaye bado hajapewa jina na mtu yeyote, ila huyo atakuwa hajapewa jina hata akiwa Gembe na Uyoma, na wala hiyo haimfanyi kuwa wa kisiwa. Nimewahi kulipia matembezi mengi ya kitalii katika nchi hii, na sikumbuki mwongozaji aliyeanza kazi kwa kulipunguza tangazo la mwajiri wake. Waliosema chema chajiuza hawakukosea, na wenye nyumba wanafaa kuifuta ile sentensi ya uongo na kuweka picha ya mwalimu huyu mahali pake.

Kikao chenyewe hufanyika nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Shuka jeupe hutandazwa kati ya miti miwili na mbele yake hutundikwa taa mbili, moja ya mwanga wa kawaida na nyingine ya miale ya urujuanimno, ambayo jicho letu huiona kama mwanga hafifu wa zambarau lakini wadudu huiona vizuri sana. Usiku unaofaa ni ule usio na mwezi, wenye joto na unyevu kidogo. Wenyeji wanaijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, kwa maana ndiyo kanuni ya omena: mwezi ukiwa gizani wavuvi hutoka na taa zao, na kutoka pale mteremkoni ziwa lilionekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Uzuri wa mandhari hayo hauhitaji nondo. Hata hivyo, mgeni anayepiga simu kuweka nafasi haambiwi habari za mwezi. Kundi lililotutangulia, kwa maelezo ya wahudumu wenyewe, lilikuja usiku wa mwezi mpevu, likaona wadudu wa kuhesabika na likalipa bei ileile. Huu ni upungufu ambao kalenda ya ukutani ingeuondoa.

Tatizo la pili ni usubi wa ziwani. Yeyote aliyekaa ufukweni mwa Viktoria anawajua wale wadudu wadogo wasiouma wanaoinuka kutoka majini kwa mamilioni, wakaonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya ziwa. Baada ya saa mbili usiku walitufikia. Walifunika shuka, wakajaa kwenye vikombe vya chai, wakaingia masikioni, na kwa muda mrefu haikuwezekana kumwona nondo yeyote aliye mdogo kuliko ukucha. Mwalimu alizima taa zote, akatuacha gizani hadi upepo ulipogeuka, kisha akawasha ile ya urujuanimno pekee. Dawa hiyo ilifanya kazi, lakini taa ingewekwa upande wa pili wa nyumba, ambako kilima huukinga upepo wa ziwani, tusingepoteza sehemu nzuri ya usiku. Alipoulizwa, alisema amekwisha kuwapendekezea wenye nyumba jambo hilo, nao wanapenda wageni waone ziwa.

Katika giza hilo la kulazimishwa tulipata somo jingine zuri. Mtoto mmoja wa shule aliuliza ni kwa nini nondo hupenda taa kiasi cha kujiunguza. Mwalimu alisema hawaipendi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications, uliofanywa kwa kamera zenye kasi kubwa, ulionyesha kwamba mdudu arukaye usiku hugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani upande wa mwanga ulikuwa ndio juu. Anapofika karibu na taa, mgongo unaendelea kuifuata, naye hujikuta akizunguka bila kuweza kutoka. Taa ilipowashwa tena, tuliweza kuyaona haya kwa macho yetu: nondo aliyepita juu ya taa alipinduka chali na kuanguka, na aliyepita chini yake alipanda ghafla akapoteza mwendo.

Kuhusu walioonekana, nitawataja wachache walionivutia. Wapo wale wenye mabawa yaliyopasuka kama unyoya, ambao wakitua hunyoosha mabawa membamba pande mbili na kufanya umbo la herufi T. Mgeni asiyeambiwa huwadhania vipande vya nyasi kavu. Wapo weupe wa kundi la Parapoynx, wenye michirizi ya hudhurungi hafifu na upana wa mabawa unaokaribia sentimita mbili, ambao viwavi wao huishi ndani ya maji wakila mimea ya ziwani na kupumua kwa nyuzi laini zilizoota ubavuni. Kwangu hao ndio nondo wa Mfangano hasa, wawe wanapatikana kwingine au la, kwa maana maisha yao yote yamefungamana na ufuo ule uliokuwa chini yetu. Alikuja pia Plutella xylostella, mdogo kama punje ya mchele, mwenye alama za almasi zinazojitokeza mgongoni anapokunja mabawa. Kiwavi wake ndiye anayetoboa madirisha kwenye majani ya sukuma wiki kote nchini.

Aliyezua mazungumzo marefu zaidi alikuwa nondo wa kijivu mwenye urefu wa milimita saba hivi. Mama mmoja mkulima kutoka Ahero, aliyeletwa kisiwani na wanawe, aliinama na simu yake akamtazama kwa muda.

"Mwalimu, huyu si ndiye anayemaliza nyanya zangu?"

"Anafanana naye sana, mama. Kama ndiye, basi ni nondo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini, na hapa Kenya alionekana mwaka 2014."

"Basi taa kama hii nikiiweka shambani nitawamaliza?"

"Taa haichagui, mama. Itakuitia hata wale waliokuwa kwa jirani, na wale wasio na makosa. Tafuta mtego wenye chambo cha harufu ya jike. Utanasa madume, nawe utajua wamefika lini na ni wengi kiasi gani. Kuwamaliza ni kazi nyingine."

Nimeyanukuu mazungumzo hayo kwa sababu yanaonyesha faida ya huduma hii ambayo tangazo halikuitaja kabisa. Watu wa Nyanza na Magharibi wana sababu za kutaka kuwajua nondo kuliko watalii wa kutoka mbali: ndio wanaotoboa mabua ya mahindi yetu, kunde zetu na nyanya zetu. Mbita yenyewe ndiko kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu, kilikoendeleza mbinu ya sukuma-vuta, ambapo mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi ili kuwafukuza nondo kwa harufu yake, na nyasi za nepia hupandwa pembeni ili kuwavuta wakatage huko. Mwalimu aliieleza kwa dakika chache tu, na ningetamani kikao kingepewa nafasi zaidi ya mambo kama hayo, kwa kuwa yule mama aliuliza maswali manne mfululizo na hakuna hata moja lililokuwa la kipuuzi.

Neno "anafanana naye" alilitumia mara nyingi, na hapo ndipo baadhi ya wageni walipolalamika. Walitaka jina la kila kilichotua. Mimi naliona lalamiko hilo kuwa sifa. Nondo wadogo wengi hawatofautiani kwa sura. Rangi hufifia, magamba hupukutika, na spishi mbili zinazofanana kabisa kwa macho hutenganishwa kwa kupasua tumbo na kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini, au kwa kusoma kipande cha vinasaba chenye herufi zipatazo 650 na kukilinganisha na vya wengine. Picha ya simu haiwezi kufanya kazi hiyo. Programu za simu zinazotaja majina ya viumbe kwa picha zinasaidia kwa nondo wakubwa, ila kwa hawa mara nyingi hufika kwenye familia na kukwama, na zikivuka hapo ni vyema kuzitilia shaka. Mwalimu huandika katika daftari lake tarehe, hali ya hewa, umbo, mahali na kiwango cha uhakika wake, akitenganisha anayemjua, anayemdhania na asiyemjua kabisa. Safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote. Jambo ninalolidai ni kwamba nakala ya ukurasa huo itumwe kwa wageni. Tuliahidiwa, na hadi ninapoandika haya haijafika.

Dosari nyingine ni ndogo lakini zinaudhi. Jenereta iko karibu mno, na kelele yake inafunika sauti zote za usiku. Betri ya sola ingetosha kwa taa mbili. Hakuna tochi za mwanga mwekundu, hivyo kila mgeni aliyewasha simu yake aliwapofusha wenzake. Viti ni vya plastiki na vimewekwa mbali na shuka, ilhali vingi vya viumbe vyenyewe havizidi punje ya wali, na lenzi za mkono zilikuwa mbili kwa kundi zima. Kwa upande mwingine, taa zilizimwa kabla ya usiku wa manane na wadudu wakakung'utwa kwa upole kichakani, hatua ambayo si wote huikumbuka. Shuka likiachwa hadi alfajiri, ndege hujifunza haraka kwamba pale pameandaliwa kifungua kinywa.

Asubuhi ilinipendeza kuliko nilivyotarajia, na ninashangaa kwamba tangazo halikuipa hata mstari mmoja. Tulipanda polepole kuelekea mlimani, mwalimu akigeuza majani na kutuonyesha njia nyembamba nyeupe zilizochorwa ndani ya jani na viwavi wadogo kiasi cha kuishi kati ya ngozi yake ya juu na ya chini. Kwenye miti ya miiba tuliona vifuko vilivyosukwa kwa hariri na kufunikwa vijiti vilivyokatwa sawasawa, kila kimoja kikiwa na kiwavi ndani yake. Katika spishi nyingi za kundi hilo jike hana mabawa kabisa, hukaa humohumo kifukoni hadi dume amfuate kwa harufu. Hapo mfano wa Hawaii ulirudi kwa njia yenye maana: ufundi wa kubeba nyumba umezuka kwa nondo wa makundi tofauti, na huku kwetu unaning'inia kwenye miti ambayo watu huipita kila siku wakienda kuteka maji.

Chakula kilikuwa samaki aina ya ngege wa kukaanga, ugali na mboga ya osuga, kingi na kitamu. Vyumba ni safi, vyandarua ni vizima, na maji ya moto hupatikana kwa kuomba.

Kwa bei hiyo ninaipa huduma alama nne kati ya tano, na nyingi kati ya hizo ni za mwongozaji. Anayetaka kwenda apige simu kwanza na kuuliza usiku wa mwezi mchanga au wa giza, na akatae tarehe nyingine hata akipunguziwa bei. Aende na nguo za mikono mirefu zisizo nyeupe, kitambaa cha kufunika kikombe, na lenzi yake mwenyewe ikiwa anayo. Watoto wa miaka minane na kuendelea watafurahi, mradi walale mchana. Wanaotoka Kisumu wafike Mbita mapema, iwe kwa njia ya Homa Bay au kwa feri ya Luanda K'Otieno, kwa kuwa ziwa hugeuka jioni na manahodha wa boti waangalifu hukataa kuvuka wimbi likishaanza kuinuka. Wakulima nao wabebe jani lililoliwa au kiwavi ndani ya chupa, kwa sababu mwalimu huyo huwapokea kabla ya chakula cha jioni, na kwa hilo hatozi senti.